Beji ya Kifuani

Mjukuu wangu ni bingwa wa mbio za magari, mara tatu mfululizo. Jumapili ile, kwa pointi alizokuwa nazo, kikombe cha nne kilikuwa chake, akimaliza tu, hata akiwa wa tano. Mimi ndiye niliyemnyima.

Ovaroli ya dereva hushonwa kwa kitambaa na uzi visivyoshika moto. Hilo la uzi sikulijua. Jumamosi yeye na mkewe walilala kwangu, nikaiona ovaroli imetundikwa, beji ya kifuani inaning'inia. Nimeshona nguo za watu miaka arobaini, mkono ukaniwasha. Nikachukua uzi wangu wa nailoni, nikaibana beji barabara. Sikumuuliza mtu. Mkewe alinikuta nakata uzi kwa meno, akacheka, akanitania kwamba mke mwenzake hataki kuzeeka.

Asubuhi, kabla magari hayajapangwa, mkaguzi aliipapasa ile beji, akachomoa kipande cha uzi, akakiwashia kiberiti. Kikayeyuka kama mshumaa. Akasema gari likishika moto, uzi huo utamgandia dereva kwenye ngozi. Ovaroli haifai, na ya akiba hatukuwa nayo. Gari likaondolewa mashindanoni.

Mjukuu wangu akamgeukia mkewe, maana ndiye mtunza nguo zake. Mafundi wote wa gari lake wanasikiliza.

"Mwaka mzima wa jasho la watu hawa umeutupa kwa uzi wa dukani?"

Mkewe alinitazama mara moja tu. Nikainama, nikajifanya natafuta miwani, na miwani iko usoni. Akamwambia mumewe, "Nisamehe."

Tuliondoka watatu. Hatukufika mbali, nikasema ni mimi. Mjukuu wangu akasimamisha gari kando ya barabara. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alimwomba mkewe radhi. Nikadakia kwamba basi, yamekwisha.

"Hayajaisha, Bibi," mkewe akasema polepole. "Mimi nimesemwa mbele ya watu kumi na wawili. Hapa tuko watatu."

Nilitamani kiti kinimeze. Lakini alisema kweli, na mimi ni mtu mzima.

"Geuza gari, mume wangu," nikamwambia mjukuu.

Mafundi walikuwa wanapakia magurudumu kwenye lori. Mmoja akaniletea kiti, akidhani nimechoka. Sikukaa. Nikawaomba waache kazi kidogo, nikamshika mke mwenzangu mkono, nikaanza kuwaeleza habari ya uzi.