Baraza la Vichuguuni

Katika Nyika ya Makata kila mnyama alikuwa na kazi yake, na kazi ya Kongoni ilikuwa kusimama. Asubuhi alipanda juu ya kichuguu, akaelekeza uso kule upepo unakotoka, akatulia. Wenzake walikula, yeye alitazama. Akiona nyasi zimetikisika bila sababu, alitoa mlio mmoja mkali wa puani, na nyika nzima ilitimua mbio. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao tangu na tangu: aliye juu akinyamaza, walio chini huinamisha shingo, akilia, miguu ndiyo hujibu. Hakuna aliyesimama kuuliza kuna nini. Waliowahi kuuliza hawakuacha wajukuu.

Mfalme wa nchi hiyo alikuwa Tembo. Alitawala hadi akasahau kwamba wengine nao wana kiu. Mto aliugeuza bafu la ukoo wake, na raia walikunywa tope. Kwa hiyo siku Chui, mkuu wa majeshi, alipompindua kwa nguvu za mbwa mwitu wake, wananchi walicheza hadi vumbi likaziba jua. Hata Kongoni, na umri ule, aliruka juu ya kichuguu chake kama ndama.

Chui akapanda mwambani akasema, "Mimi si mtawala, mimi ni askari tu. Mpeni askari msimu mmoja wa mvua asafishe nyumba, kisha mtachagua mnayemtaka."

Wakashangilia. Nani angeuliza kwa nini mfagiaji amekuja na kucha?

Baraza la Tembo likavunjwa, na Chui akatangaza kwamba kutakuwa na Baraza la Mpito. Wajumbe hawatachaguliwa, maana uchaguzi huleta fujo. Atawateua yeye. Akamteua Kanga, akamteua Nyani, akamteua Pofu, yule swala mkubwa kuliko swala wote, akamteua Kongoni. Spika akawa Kobe, kwa sababu Kobe hajawahi kumkimbiza mtu wala kumkimbia.

Pofu alikataa. Alisema mjumbe wa kuteuliwa na Chui atamsemea Chui. Mbwa mwitu wakaja kumwomba afikirie upya, wakaongozana naye hadi vichakani, na mpaka leo bado anafikiria.

Binti yake Kongoni, ambaye mimba yake ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuonekana, alimfuata baba yake pale alipokuwa akitafuna bila hamu.

"Baba, sasa nani atapanda kichuguu?"

"Mimi. Baraza litakaa kilimani, na kila mjumbe amepewa kichuguu chake. Mtakuwa mnakula pale chini, mnaniona."

"Walioteuliwa wote ni nyinyi mnaopiga kelele hatari ikija. Hilo hukuliona?"

"Nimeliona. Ndiyo sababu naenda. Afadhali mwenye macho awe ndani kuliko wampe kiti Ngiri, mtu wa kukimbia kabla hajajua anakimbia nini."

Binti alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na ungekataa?"

Kongoni alitupa jicho kule vichakani. "Usiniulize hilo, mwanangu. Mimi nataka ujifungue salama tu. Nikiwa kule juu, hakuna atakayekusogelea nisimwone."

Siku ya kwanza ya kikao, Chui aliingia taratibu, akalala kwenye kivuli kilichotengwa kwa ajili yake. Mbwa mwitu wakakizunguka kilima. Ulinzi wa waheshimiwa, walisema.

"Tuanze na namna ya kupiga kura," alisema Chui. "Tembo aliwataka muinue mikono. Dhihaka ile! Wangapi hapa mna mikono?"

Nyani akainua wa kwake. Baraza likacheka.

"Kwangu mimi kila ukoo utaheshimiwa. Hoja ikisomwa, kila mjumbe ataiunga mkono kwa sauti ya ukoo wake. Ile kubwa kabisa, hadi wananchi kule chini waisikie."

Kanga akatikisa kichwa chake kidogo. "Mtukufu, niwie radhi. Sauti yangu kubwa ni ile ya hatari. Sina nyingine."

"Hatari ilikuwa Tembo, mama. Tumeiondoa. Tangu leo hiyo ni sauti ya furaha."

"Na asiyeunga mkono je?" aliuliza Kongoni.

Chui alimtazama kwa upole mkubwa. "Asiyeunga mkono anyamaze. Hapa kuna uhuru. Tutamjua kwa ukimya wake."

Hoja ya kwanza ilikuwa ya kumshukuru Chui. Kanga alipiga kelele, Nyani akabweka, na Kongoni, huku Pofu akimjia akilini, akatoa mlio wake. Kule bondeni nyika ilitimka. Vilema walikanyagwa, ndama walipoteana na mama zao. Chui akatoka hadi ukingoni mwa kilima akicheka.

"Ndugu wananchi, mnakimbia nini? Hao ni wawakilishi wenu, wanakubali!"

Wakarudi kwa aibu. Kikao cha pili walikimbia nusu. Baadaye wakawa wanainua vichwa tu, na nyasi zilipoanza kukauka hata vichwa hawakuinua. Watoto waliuliza, wazazi wakajibu huku wanatafuna, "Ni Baraza hilo. Wamepitisha jambo."

Kongoni aliona yote hayo kutoka juu, na usingizi ukamhama. Akaomba nafasi ya kuzungumza.

"Mheshimiwa Spika, naomba kura zetu tuzipige kwa kwato, tuache kulia. Huku kulia kwetu kunaua masikio ya watu."

Kobe alitoa shingo, akairudisha, akaitoa tena. "Mheshimiwa Kongoni, kanuni haziwezi kubadilishwa hadi mpito uishe."

"Na mpito unaisha lini?"

"Hilo litaamuliwa na Baraza. Kwa kanuni zilizopo."

Baraza likacheka. Chui alicheka kuliko wote, akasema mzee huyu ana vituko, apewe kichuguu kirefu zaidi. Wakampa. Kutoka huko aliona mbali kuliko alivyowahi kuona maishani mwake.

Mvua za msimu zilikuwa zimeshapita siku Kobe aliposoma hoja ya kuongeza muda wa mpito. Kongoni hakuwa akisikiliza. Alikuwa akimtazama binti yake pale bondeni, na ndama aliyezaliwa alfajiri ile, bado ana unyevunyevu, akijaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. Alikuwa ameazimia kunyamaza siku hiyo. Wamjue kwa ukimya wake, potelea mbali. Amepata mjukuu, ameishi vya kutosha.

Ndipo nyasi zikatikisika.

Upepo ulikuwa umetulia. Zikatikisika kushoto, kisha kulia, na katikati akaona masikio ya mviringo. Akageuka haraka. Walinzi wa kilima walikuwa wamebaki wachache tu. Chui alikuwa akijilamba mkono, macho kayafumba.

Kongoni akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, ule mlio ambao baba yake alimfundisha, ambao haukuwahi kukosa kujibiwa.

"Mheshimiwa Kongoni anaunga mkono," alisema Kobe.

"Wanawaua! Wako kwenye nyasi! Spika, watu wanauawa!"

"Hoja ya muda wa mpito tu, Mheshimiwa. Hayo mengine yasubiri zamu yake."

Aliruka chini ili akimbie, maana labda wangemwona anakimbia wakamfuata. Hakufika hata kwenye mteremko. Mbwa mwitu wawili wakamzuia kwa vifua.

"Rudi kitini, Mheshimiwa. Kikao hakijafungwa."

Wakamsukuma hadi akapanda tena kichuguu chake kirefu, mahali anapoonekana na kila mtu. Kanga naye sasa alikuwa ameona, akapiga mayowe hadi sauti ikapasuka. Nyani akabweka, akajipiga kifua, akalia machozi. Baraza zima likawa kelele tupu, haijapata kutokea.

Kobe alipangusa macho kwa furaha. "Sijapata kuona hoja ikiungwa mkono namna hii," alisema. "Imepita."

Kule bondeni binti wa Kongoni aliinua kichwa. Masikio yake yakasimama. Alimtazama baba yake moja kwa moja, naye Kongoni akalia, akalia, akapiga kwato hadi kichuguu kikamomonyoka chini ya miguu yake. Binti akamtazama kidogo tena. Baba yuko mahali pake, amesimama, anasema na wenzake.

Akamlamba ndama wake mgongoni, akainamisha shingo, akaendelea kula.