Mstari wa Pili Kwenye Koti la Marit

Sidanganyi: wivu ulinila. Mimi na Marit tulianza pamoja shule ya udaktari wa meno hapa Iowa, kila mmoja na kopo lake la meno yaliyong'olewa, tuliyoyaomba kwa madaktari kiangazi kizima ili tujifunzie kutoboa na kuziba. Mikono yangu ilikuwa mizuri kuliko yake, na darasa zima lilijua. Haya, nani akachukuliwa kusomea udaktari wa meno pamoja na ule wa utafiti? Marit! Miaka minane, shahada mbili, na koti jeupe lililotariziwa mstari wa pili chini ya jina, wa kumtaja mtafiti. Kila nilipouona ule mstari, roho iliniuma.

Mwaka wa pili ikatangazwa nafasi nyingine moja, mwisho Ijumaa. Nikajaza fomu yote isipokuwa sehemu moja: Ni swali gani unataka kulitafutia jibu? Marit, zamu yake ya kuomba, alilijaza kwa dakika tano: kwa nini watoto wawili wa nyumba moja, maji yale yale, peremende zile zile, mmoja anaoza meno na mwenzake haozi. Mimi wiki mbili, kalamu mkononi, hola.

"Ardith, usifuate koti," alinionya Daktari Kessel, mwalimu wetu. "Miaka minane ni mingi mno kwa kumkomoa mtu."

"Nani anamkomoa mtu, Daktari? Mimi napenda utafiti!"

"Utafiti wa nini?"

Nikakohoa.

Alhamisi Marit akaja maabara na kahawa mbili. Nikatazama koti kwanza, kama kawaida yangu. Mstari wa pili ulikuwa umefumuliwa, yamebaki matundu ya sindano.

"Nimejitoa kwenye utafiti," akasema. "Miaka minne ya maabara tu, bila kumgusa mgonjwa? Siwezi, shoga. Nikimaliza nakwenda kliniki ya watoto kule Decorah. Wameniahidi kiti changu mwenyewe cha kutibia, karibu na dirisha. Sasa nafasi ziko mbili, furahi basi!"

Nikaingoja furaha. Haikuja. Nikaitazama fomu, nikaiona miaka minane ya kukata meno vipande na kuyachungulia kwa hadubini, na hamu yote ikaniisha. Nikaichana.

"We! Umeingiwa na nini?"

Roho haina adabu. Yangu ilikuwa imeshahama.

"Hicho kiti cha Decorah," nikamwuliza, "hicho cha dirishani... wana kimoja tu?"