Mguu Juu ya Kituo cha Pili

Mechi moja tu. Ukishinda unaendelea, ukishindwa unafunga begi. Tangu Aprili tulikuwa tumecheza mechi mia moja sitini na mbili za besiboli, na zote hizo zilitununulia alasiri moja ya Oktoba, saa tisa kamili, upepo wa ziwani unakata masikio na uwanja umejaa hadi kwenye ngazi.

Mimi sikuwa mchezaji wa maana, na sioni haya kulisema. Kwa mechi ya mtoano kocha huandika orodha mpya ya siku hiyo moja. Warushaji ambao hatawahitaji huwaacha, na nafasi zao huwapa watu wa ajabu ajabu kama mimi. Kuupiga mpira siwezi. Kudaka, Mungu anisamehe. Lakini mbio ninazo. Kazi yangu ilikuwa moja: mwisho wa mechi, mtu mzito akifika kituo cha kwanza, niingie badala yake na kuiba kituo cha pili, yaani kukimbilia huko mrushaji wao akirusha kwa mpigaji, na kufika kabla ya mpira. Sekunde tatu na ushei za kazi, baada ya saa tatu za kukaa.

Kukaa ndiko kulikonishinda. Niliendesha ile baiskeli isiyokwenda popote iliyoko kwenye korido, nikaenda msalani mara nne, nikatafuna mbegu za alizeti mpaka midomo ikachonyota kwa chumvi. Nilifunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena.

"Lamont," Gus akaniambia katika zamu ya tano, "unahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Taga basi, tupumzike."

"Napasha miguu moto, mzee."

"Tangu saa nane? Ukiitwa utakuwa umeshaiva."

Benchi zima likacheka. Nilicheka pia, ila nilitamani kumtupia kiatu.

Gus Pawlicki alikuwa mdakaji wetu, miaka arobaini, misimu kumi na saba ya kuchuchumaa nyuma ya wapigaji wa watu. Akisimama, magoti yake yalialika kama kuni kavu. Katika miaka yote hiyo, kabla ya siku ile, hakuwahi kugusa mechi ya mtoano hata moja, na alishatangaza kwamba msimu ukiisha na yeye ameisha. Asubuhi hiyo waandishi walimuuliza anataka nini. "Kesho," akasema. "Nipeni kesho moja, hata mvua inyeshe." Kila mtu alimpenda. Mimi nilimwogopa, kwa sababu mtu mzito aliyekuwa akisemwa ni yeye, na akishatoka sheria haimruhusu kurudi.

Tulifika zamu ya tisa, ya mwisho, tukiwa nyuma, tatu kwa mbili. Mpigaji wetu wa kwanza akatolewa. Gus akaingia, akavumilia, hakupapatika, na mrushaji wao, jamaa mmoja mrefu mwenye sura ya usingizi, akakosea mara nne. Gus akapewa kituo cha kwanza bure. Alikwenda huko akitembea, polepole, kama mwenye shamba anayekagua mpaka.

"Lamont Tisdale," kocha akaniita. "Nenda."

Gus aliponiona nakuja alibaki amekanyaga kituo kwa kitambo kidogo. Kisha akashuka, akanishika shingo na kuinamisha kichwa chake kwenye changu.

"Sikiliza. Bega la kushoto la mrushaji. Likishuka, harushi tena upande wako, anarusha kwa mpigaji. Hapo hapo ondoka."

"Sawa, mzee."

"Sina kingine. Nenda kanitafutie kesho yangu."

Watu wakasimama kumpigia makofi anavyorudi benchi. Mimi nikabaki peke yangu, nikajisogeza hatua chache kutoka kituoni. Mrushaji alinitupia jicho, nikarudi kituoni. Akanitupia tena, nikarudi. Kisha bega likashuka.

Niliondoka. Sijawahi kukimbia vile, na sitakimbia tena. Nilijitelezesha chini, miguu mbele, nikafika, nikausikia mkono wa mlinzi wao wa kituo na mpira ndani ya glavu ukinigusa paja baadaye, tena baadaye sana. Mwamuzi akatandaza mikono yake yote miwili: salama. Uwanja ukalipuka.

Na mimi nikainuka. Hakuna aliyeniambia niinuke. Ningeweza kulala pale nimekumbatia kile kituo kama mto, lakini nilitaka wanione nimesimama. Katika kuruka, mguu ukanyanyuka, unene wa kadi ya posta labda, na glavu yenye mpira ilikuwa bado kwenye paja langu; ukiguswa nayo hujakanyaga kituo, umetoka. Nilisikia kiatu kikikosa kitu chini yake. Kisha kikashuka tena.

Wapinzani wakaomba video. Waamuzi wakavaa visikilizio, watu wa makao makuu ya ligi huko New York wakaanza kutazama picha, na sisi tukangoja. Dakika tatu nzima. Gus alikuwa kwenye ukingo wa benchi, ameshika nguzo kwa mikono miwili. Alinyanyua nyusi: vipi?

Nilijua. Nikamnyanyulia dole gumba.

Akafumba macho, akambusu kocha kwenye kofia. Nilimwona.

Mwamuzi akavua visikilizio na kukunja ngumi: nimetolewa. Nje. Nilitoka uwanjani nikitazama nyasi. Mpigaji aliyefuata aliupiga mpira hadi kwenye ukuta wa mbali na kusimama pale pale kituo cha pili nilipotoka. Kama ningekuwepo, ningefika nyumbani, kituo cha nne penye pointi, natembea, na tungesawazisha. Aliyemfuata akakosa mara tatu, akawa mtu wetu wa tatu kutolewa, na msimu ukaisha.

Katika chumba cha nguo waandishi walimzunguka Gus, barafu imefungwa kwenye magoti yote mawili. Mama mmoja wa gazeti akamuuliza, "Huyu kijana wenu, kwa nini aliinuka haraka vile?"

"Mimi nilimwambia," Gus akasema. "Nilimwambia akifika tu ainuke, mpira ukiwapita aende cha tatu. Ushauri mbovu. Kosa langu, andikeni hivyo."

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na taulo mkononi. Hakunitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sina mkataba wa mwaka unaofuata, na nani anamwajiri mkimbiaji asiyejua kukaa juu ya kituo? Nikakunja taulo, nikaenda kuoga. Majira ya baridi timu nyingine ikanichukua, nikala mkate wao misimu mitatu.

Mwaka jana nilipita tena mji ule, nikaingia kwenye baa karibu na uwanja. Picha ya Gus iko ukutani. Mwenye baa hakunitambua.

"Mdakaji bora tuliyewahi kuwa naye," akaniambia huku akifuta glasi. "Ila mechi ile ya mwisho aliiharibu mwenyewe. Alimfundisha yule mkimbiaji upuuzi."

"Ndivyo ninavyosikia," nikasema, nikaagiza bia nyingine.