Kidole cha Okwakol

...taa nyekundu tena kwenye mashine ya alama za vidole, na Mourine anasema, "Mzee, si nimekwambia usilambe kidole," kana kwamba Okwakol amelamba makusudi, ilhali ulimi hutoka wenyewe, miaka ishirini na miwili ya kupitisha mizigo ya watu hapa mpakani Malaba, kila ukurasa ukidai mate yake, fomu za saruji, fomu za mafuta, nyeupe juu, ya waridi katikati, kaboni chini, lamba, funua, lamba, funua, amekula wino wa serikali mbili na tumbo halijawahi kuleta kesi... "Panguza, uweke tena," haya, apanguze na suruali, suruali ya mazishi na ya kuombea kazi, na leo hata hajui ameivalia lipi, maana tangazo la ofisi liko pale ukutani, asiyekuwa na alama ya kidole ndani ya kompyuta kufikia saa sita hatagusa mzigo tena, na imebaki dakika nne, Barasa, mpitisha mizigo mwenzake, aliicheka kompyuta ilipoletwa, akacheka mpaka akakohoa, sasa anawauzia soda madereva walewale aliokuwa akiwapitishia mizigo, na wanamwomba bei ipungue... nyekundu. "Mzee," Mourine anasema polepole, msichana ambaye Okwakol mwenyewe ndiye alimfundisha kujaza fomu, "hiki kidole kimeisha," kimeisha namna gani, kidole si sabuni, lakini anakigeuzia dirisha na kweli, laini kama tako la sufuria, mistari yote imeondoka na karatasi, moja moja, Kampala, Juba, Goma, kidole kimesafiri kuliko mwenyewe, mwenyewe hajapita Tororo, na hakuna hata siku moja kilipomwambia, boss, mimi naisha... "Tujaribu cha kushoto," anasema Mourine, kwa sauti ya kumpa mgonjwa uji, cha kushoto, lile jivivu, lililokaa mfukoni miaka yote likisikiliza mwenzake akifanya kazi, anakitoa, kinene, mistari imejaa kama shamba lililolimwa jana, hakijafunua hata ukurasa mmoja, na kabla hajakishusha kwenye kioo Okwakol anajua, hicho ndicho mashine itakachokipenda, hicho ndicho kitakachoandikwa kazi, na ulimi, bila kuambiwa na mtu, umebaki ndani.