Mwanamke wa Kwenye Dola Tano

Hilarion Prosper alikuwa kinyozi kisiwani, mjini Castries, na mteja aliyekaa kwenye kiti chake alijua atanyanyuka na nywele fupi na habari ndefu za noti za zamani. Alianza na noti za Trinidad, akavuka hadi Barbados, na kabla hujafutwa sabuni shingoni mmeshafika Guyana. Mkewe alikuwa ameshazoea. Mama mkwe wake, Ma Eudoxie, aliyekuwa akiishi nao, hakuwa na habari na mambo hayo, mpaka Jumapili moja alipoazima kioo cha kukuzia ili atoe mwiba kidoleni.

Noti ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ilikuwa dola tano ya benki iliyokwisha kufa zamani, ya kijani, ukingoni ina mistari myembamba iliyosokotana kama utando wa buibui. Katikati palikuwa na mwanamke aliyejitwika mkungu wa ndizi. Bwana Carrington, mnunuzi kutoka Barbados, angefika Jumamosi kuitazama, na Hilarion hakuwa akilala vizuri.

"Unaona hapa, Mama?" alisema. "Meneja ametia saini kwa mkono, kwa wino. Kwenye nyingine saini imechapwa tu. Saini ya mkono ndiyo inayopandisha thamani."

Ma Eudoxie aliinama. Kioo kilikuwa kimeshauacha mwiba, kimehamia kwenye noti.

"Hilarion. Huyu ni mimi."

"Nani?"

"Huyu mwenye ndizi. Tulikuwa tunapakia meli pale gatini, akaja mzungu na penseli yake. Nikamwambia, chora upesi, mkungu mzito huu!"

Jirani yao, Ma Vitaline, alikuwa akianika nguo chini ya dirisha. Aliingia bila hodi, na kibanio cha nguo bado kiko mdomoni. Akakitema.

"Eudoxie, muogope Mungu. Mzungu yule alinichora mimi. Lete hicho kioo." Akainama. "Hiyo miguu ni ya nani? Wewe ulikuwa na miguu kama njiti za kiberiti."

"Na wewe kiuno hicho ulikipata lini? Umezaliwa mnene!"

"Nilikuwa nacho siku za kazi!"

Hilarion angewanyamazisha, lakini tamaa ilishamwingia. Noti ya zamani ambayo mwanamke wake bado yu hai! Carrington angetoa maradufu. Kwamba wanawake walikuwa wawili, hilo alilisukuma mbele.

Jumamosi Bwana Carrington aliingia uani, mrefu, mkavu, amevaa tai na glavu nyeupe za pamba. Akakuta vikongwe wawili wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na mkungu kichwani, mguu mmoja mbele, mkono kiunoni. Walikuwa wamesimama hivyo tangu asubuhi, kwa sababu hakuna aliyekubali kutua wa kwanza.

"Hamjambo," alisema kwa tahadhari. "Kuna maandamano?"

Hilarion akamweleza. Carrington akaitoa noti kwenye plastiki, akaitazama kwa kioo chake mwenyewe, akatabasamu.

"Tazameni huu mgomba nyuma yake. Ndizi zote zimeelekea chini, na mgombani ndizi huelekea juu. Aliyechora alikuwa London, hajawahi kuuona mgomba."

"Siku ile upepo ulikuwa mkali," alisema Ma Vitaline.

Carrington akatoa mkobani noti ya kisiwa kingine. Mwanamke alikuwa yuleyule, miguu ileile, ila kabeba pamba.

"Wachapaji walikuwa na mwanamke mmoja tu. Kila kisiwa wakambadilishia mzigo."

"Na pamba nilibeba," alisema Ma Eudoxie.

"Wapi? Hujawahi kutoka kisiwa hiki hata kwa bahati mbaya!"

Hilarion alimvuta mgeni ndani akamwonyeshe noti zake nyingine, labda apate kuuza hata hizo. Walipotoka, mikungu ilikuwa chini na dola tano iko juu ya meza ya uani, nje ya plastiki yake. Jina la Ma Eudoxie lilikuwa limepita juu ya sketi ya yule mwanamke, kwa kalamu ya bluu, kubwa na la kujiamini. Ma Vitaline alikuwa ameigeuza, ulimi nje, akimalizia lake upande wa nyuma.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si ulisema mwenyewe saini ya mkono inapandisha thamani? Ya meneja ilikuwa moja. Sasa ziko tatu."

Carrington alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya mkungu. Ndizi zilikuwa zimeiva.

Hilarion alikwenda jikoni, akasimama akiutazama ukuta. Alilia kidogo, machozi ya kweli. Noti ambayo ingeweza kumbadilishia viti vyote vya kinyozi sasa haikufaa hata kununua kiberiti. Kisha akasikia kutoka uani sauti dhaifu ya Carrington ikiuliza, "Na huyo mzungu alikuwaje?"

"Mrefu," alisema Ma Eudoxie.

"Mfupi," alisema Ma Vitaline kwa wakati uleule.

Kicheko kikamshika Hilarion hata akajishikilia kwenye sinki.

Mgeni alibaki kwa chakula, ndizi mbichi na samaki wa chumvi, akiwa amejifunga kanga ya Ma Vitaline huku suruali yake ikikauka kambani. Noti hakununua. Ma Eudoxie aliitia kifuani akatangaza kwamba akifa azikwe nayo.

"Basi mimi nitakufa kwanza," alisema Ma Vitaline.

Wote wawili wakaanza kukohoa.