Kamba ya Mnara wa Yanabulak

Shamsenur anasinzia mchana kweupe, ameketi kwenye benchi kando ya jiko, akingoja lori la kuwahamisha. Kijiji chao cha Watatari, Yanabulak, kimebaki na nyumba saba, na wakubwa wa wilaya wameshaandika kwamba hakina mustakabali. Binti yake Fanuza yuko nje anafunga magunia ya viazi. Macho ya Shamsenur yanajifumba, na mara yuko barabarani, barabara ile ile ya kijiji, ila sasa haina mwisho. Kushoto nyumba yake, kulia nyumba yake, mbele tena nyumba yake, bata bukini wale wale mlangoni, na kila anayoipita ni kuukuu kuliko iliyotangulia: bati linageuka mbao, mbao zinageuka nyasi. Mbele yake anatembea mtu, na anapogeuka hana uso, mahali pake pako laini kama unga uliokandwa. Njia hii yaenda wapi? anauliza Shamsenur. Walikokwenda wanaume wa vita, anajibu. Nao walirudi? Walirudi wepesi, karatasi moja kila nyumba. Shamsenur anaijua karatasi hiyo ya taarifa ya kifo; ya kwake ilikuwa na jina la mumewe, Gilmetdin, na haikutaja kaburi. Anataka kurudi nyuma, miguu inakataa. Wanapita shamba la shayiri ambako wanawake wanavuta plau wenyewe kwa kuwa farasi wamechukuliwa, naye anajiona kati yao, miguu imevimba kwa njaa. Wanalipita tena shamba lile lile, na tena, hadi wanatokea msikitini.

Watu wamesimama kama walivyosimama mwaka ule wakubwa walipoamuru mnara uangushwe, kamba ndefu imefungwa kwenye mnara, na Gilmetdin yuko mbele, kijana bado, shati limelowa jasho. Shika, mke wangu, wakubwa wanatutazama, anasema. Asiyevuta ananyang'anywa ng'ombe, na mtoto anataka maziwa. Mwaka ule Shamsenur alishika. Miaka arobaini amewaambia watu kwamba siku ile alikuwa mgonjwa, amelala ndani. Sasa anashika tena, mikono inakwenda yenyewe. Nikiiachia, mnara utasimama? anamuuliza asiye na uso. Ulishaanguka zamani, nawe bado unavuta. Gilmetdin anamgeukia. Niliwaambia hukuwepo, anasema. Mpaka kule vitani, walioniuliza niliwaambia hukuwepo. Nimechoka kukuficha, Shamsenur. Basi anaiachia. Mnara unaanguka bila kishindo, polepole, unaanguka na unaendelea kuanguka, na vumbi linafunika njia, nyumba, mume.

Mama, amka, lori limefika. Fanuza anamtikisa bega. Shamsenur anamshika mkono. Kaa kwanza, mwanangu. Siku ile ya mnara sikuwa mgonjwa. Niliivuta kamba pamoja na baba yako, kwa ajili ya maziwa yako. Anangoja binti alie, au amwache hapo aende zake. Fanuza anamkazia macho. Mama, umeniambia hayo leo asubuhi. Tumelia wote wawili, tukanywa chai. Umesahau? Mezani kuna vikombe viwili vitupu. Shamsenur hakumbuki chai yoyote, hakumbuki asubuhi. Nje honi inalia, inalia tena. Anauminya mkono wa bintiye kwa nguvu zake zote, apate kujua kama ameamka kweli. Unaniumiza, Mama, anasema Fanuza. Lakini hata kule ndotoni alikotoka, watu walikuwa wanaumia.