Asili ya Mia

Fundi Stephano alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, akiufunga mduara wa sifuri ya mwisho. Ukuta wa lango ulikuwa umepakwa chokaa upya, na maandishi ya bluu yaling'aa kiasi cha kuumiza macho: SHULE YA UFAULU 100%. Mwalimu Rahel, aliyekuwa anaingia kazini, alisimama chini ya ngazi akacheka.

"Fundi, umewahi mno. Mwaka huu tumepata themanini na nne. Na hawa wa mwakani ndio kwanza wamemaliza kidato cha tatu."

"Mkuu kasema nipake, madam." Stephano hakugeuka. "Kasema mwakani ni hakika."

Rahel aliondoka akitabasamu, ila tabasamu lile halikufika naye ofisini. Ni mtu gani anayekuwa na hakika na mtihani ambao haujatungwa?

Jibu alilipata kabla ya chai ya saa nne. Mkuu wa shule, Mwalimu Castory, alimwita, akamvutia kiti. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, sauti ya kumtuliza mgonjwa, na hiyo ndiyo iliyofanya kubishana naye kuwe kama kupiga ngumi mto wa pamba.

"Mwalimu Rahel, una wasichana arobaini. Wanane wako chini ya wastani wa arobaini na tano. Hao tutawatafutia kituo kingine, wakafanye mtihani huko kama watahiniwa wa kujitegemea. Wewe ni mwalimu wao wa darasa na wazazi wanakuamini. Naomba uwaeleze."

Rahel alikuwa mwalimu wa hisabati. Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani mwake kabla hajapenda. "Thelathini na wawili kati ya arobaini ni asilimia themanini," alisema taratibu. "Thelathini na wawili kati ya thelathini na wawili ni asilimia mia."

"Umeona! Ndiyo maana napenda kuzungumza na mtu wa hesabu."

"Lakini Mkuu, hapo hakuna msichana hata mmoja aliyeelimika zaidi ya jana. Tumewapunguza tu."

"Jeshi halipeleki wagonjwa vitani, mwalimu."

"Ni wagonjwa wa nani? Si sisi tuliopewa kuwatibu?"

Castory alitabasamu kwa upole uleule. Alisema shule hii, iliyokaa kando ya barabara ya kwenda Mzumbe ikiitazama milima ya Uluguru, ilikuwa na washindani kila upande, na kwamba mzazi anapochagua shule hasomi kitu kingine ila namba. Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba matroni wa bweni alikwisha kuwaambia wasichana wenyewe jana. Mmoja, Faraja, alikuwa ameondoka alfajiri kurudi kwao Mgeta.

Rahel alitoka mle ndani. Kwa miaka mitatu alikuwa akiingia kidato cha kwanza na kuandika ubaoni neno moja: asilimia. Shule ilifundisha kwa Kiingereza, lakini siku hiyo aliwaruhusu wasichana wapumzike katika lugha yao, maana neno lenyewe lilijieleza. Namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi, ya chini huitwa asili. Asilimia ni sehemu ambayo asili yake imefanywa kuwa mia. "Mtu akikutajia asilimia," alikuwa akiwaambia, "usikimbilie kuuliza ni ngapi. Muulize kwanza: ya nini? Ya kina nani? Anayeigusa asili ameigusa hesabu nzima." Wasichana waliandika. Naye aliona fahari. Sasa alikumbuka wale waliokuwa "wamehama" mwaka uliopita na mwaka wa kabla yake, na jinsi alivyoambiwa kwamba ni mambo ya familia, naye akayapokea kama mtu anavyopokea salamu. Hasira ilimpanda, na sehemu yake kubwa ilimhusu yeye mwenyewe.

Jumamosi alipanda Mgeta. Lori lililokuwa likirudi tupu kutoka kupeleka kabichi Dar es Salaam lilimshusha njia panda, na kutoka hapo alikwea kijinjia kilichosimama kama ukuta, viazi kushoto, maharage kulia, ukungu ukimlamba uso. Alimkuta Yuliana, mama yake Faraja, ameinama kwenye tuta akipandikiza miche.

"Shikamoo mama."

Yuliana alifukia mche, akaushindilia udongo kwa vidole viwili, akauhamia mwingine. Marahaba haikuja. Katika milima ile, kumnyima mtu marahaba ni kumfungia mlango usoni.

"Mimi ni mwalimu wake Faraja," Rahel alisema.

"Nakujua. Kikao cha mwaka jana ulisimama ukatuambia hakuna mtoto asiyeweza hesabu, kuna mtoto ambaye hajafikiwa tu. Nikarudi huku nikawaambia majirani." Yuliana alinyooka, mikono yake myeusi kwa udongo. "Sasa niambie. Mwanangu mmemfikia, mkaona nini hata mkamrudisha?"

"Sikumrudisha mimi, mama."

"Uliposikia ulifanya nini?"

"Nilibishana kidogo, nikatoka. Ndiyo basi."

"Tazama hapa," Yuliana alisema, sauti ikipanda kwa lafudhi ya Kiluguru. "Mche uliodumaa siung'oi ili wapita njia walisifu shamba langu. Naupalilia. Nikiung'oa, nimekuwa mkulima wa namna gani? Mkulima wa kuonekana!"

Faraja alikuja kutoka mferejini akiwa na ndoo kichwani. Alimwamkia mwalimu wake kwa heshima zote, na heshima ile ilimchoma Rahel kuliko maneno ya mama. Walikaa ukingoni mwa shamba. Msichana aliokota kijiti akawa anachorachora udongo.

"Nimepiga hesabu, madam. Mmoja kati ya arobaini. Mimi ni asilimia mbili na nusu tu. Darasa halitajua kama sipo."

Alisema bila machozi, kama mtu anayesoma jibu lililo nyuma ya kitabu. Hii ndiyo hesabu aliyomfundisha, na mtoto aliitumia kujifuta.

"Nipe hicho kijiti," alisema. "Kidato cha kwanza, muhula wa kwanza, ulipata ngapi kwenye hesabu?"

Faraja aliinamisha macho. "Kumi na mbili."

"Na juzi?"

"Thelathini na tisa."

"Umeongeza ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Haya, gawanya kwa ulipoanzia. Zidisha kwa mia."

Faraja aliandika kwenye udongo, akafuta, akaandika tena. Uso wake ulikunjamana. "Mia mbili ishirini na tano? Nimekosea. Asilimia haipiti mia."

"Sehemu ya kitu kimoja haizidi kitu chenyewe. Ukuaji unaweza kuzidi, maana ukuaji hupimwa na pale mtu alipoanzia." Rahel alisimama, akapangusa magoti. "Katika darasa zima hakuna aliyekua hivyo. Hata yule wa kwanza. Na wewe ndiye wamekwambia uondoke."

Yuliana alikuwa amesimama nyuma yao muda wote. "Kikao cha wazazi cha kufunga mwaka ni lini?" aliuliza.

"Jumamosi ijayo, mama."

"Marahaba," Yuliana alisema, akarudi kwenye miche yake.

Siku ya kikao bwalo lilijaa. Mwalimu Castory alizungumza vizuri, kwa sauti ya chini, juu ya shule ya asilimia mia, nao wazazi wakampigia makofi. Rahel alipopewa nafasi ya kutoa taarifa ya taaluma, aliiacha meza na karatasi zake.

"Wazazi wangu, hiyo mia ni ya kweli," alisema. "Lakini ulizeni ni mia ya kina nani. Darasa langu lina wasichana arobaini. Wanane wameambiwa wasifanye mtihani hapa. Ndivyo mia inavyopatikana. Kwa njia hiyo mimi naweza kuwapa asilimia mia hata kwa msichana mmoja: nibaki naye, wengine thelathini na tisa niwafungulie lango."

Minong'ono ilitanda kama moshi wa kuni mbichi. Mzee Mwinjuma, mfanyakazi wa kiwanda mjini, alisimama. Binti yake, Shadia, ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani.

"Mwalimu, tusidanganyane. Mimi nilimleta mwanangu hapa kwa sababu ya namba hiyo. Wanaoweza waachwe wasonge. Mbona unataka kuwarudisha nyuma watoto wetu?"

Baadhi walimwitikia, sauti nyingi kuliko Rahel alivyotarajia. Akaelewa kwa uchungu kwamba Castory hakuwa ameizua njaa ile ya namba. Alikuwa ameipikia tu.

"Mzee wangu, Shadia atafaulu Faraja akiwepo au asipokuwepo," alijibu. "Ila akiona mwenzake anatolewa na sisi tunapiga makofi, tutakuwa tumemfundisha jambo ambalo mimi sitaweza kulifuta."

Castory alisimama, akasema suala hilo litajadiliwa na bodi, na kwamba chakula kiko tayari. Kikao kikafungwa hivyo, kama mtu anavyofunika chungu kisicho na kitu.

Watu walipotoka nje ndipo walipomwona Yuliana. Hakuwa ameingia bwaloni. Alikuwa akivuka uwanja, godoro kichwani, Faraja nyuma yake na sanduku la bati. Alipanda baraza la bweni alilokuwa akilala Faraja, akakuta mlango umefungwa. Hakugombana na mtu. Alilitua godoro sakafuni, akalinyoosha vizuri, akamkalisha binti yake juu yake. Yeye akakaa pembeni, kanga amejitanda, kama aliyefika msibani.

"Mama, hilo ni la bodi. Hapa si mahali pa kukaa," Castory alisema alipofika, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa juu.

"Ninangoja bodi," Yuliana alijibu.

Rahel alivua viatu, akapanda, akakaa upande wa pili. Alijua maana ya kukaa pale: mwakani huenda asiwe na darasa. Moyo wake, ajabu, ulikuwa umetulia.

Kutoka dirisha la bweni la jirani walisikia kitu kikikwaruza sakafu. Mlango ukafunguka, na Shadia akatoka akiburuta godoro lake, shuka likimfuata kwenye vumbi.

"Shadia!" Mzee Mwinjuma aliita.

Msichana alisimama. Alimtazama baba yake. Kisha akalipandisha godoro barazani, akalilaza kando ya lile la Faraja, akakaa. Nyuma yake msichana mwingine alichungulia mlangoni, akiwa amelikumbatia godoro lililokunjwa.

Mawingu yalikuwa yameteremka Uluguru, na matone makubwa ya kwanza yakaanza kugonga bati la bweni. Mzee Mwinjuma alibaki katikati ya uwanja, mvua ikimlowesha kofia. Pembeni matroni alikuwa ametoa rundo la funguo mfukoni, akizipekua moja moja, macho yake kwa Mwalimu Castory, ambaye hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.